Kirikuu

Kirikuu ni jina la mitaani linalotumika nchini Tanzania kwa lori dogo la Kijapani, hasa Suzuki Carry, na pia kwa magari yanayofanana nalo kama Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar na Mitsubishi Minicab. Nchini Japani magari hayo huitwa kei tora, yaani "lori jepesi". Yana viti viwili mbele, bodi ya wazi nyuma ambayo kuta zake hufunguka pande tatu, na injini ya petroli isiyozidi sentimita za ujazo 660.

Katika Mkoa wa Rukwa kirikuu hutumika kubeba mazao, mbolea, saruji, samaki na bidhaa za dukani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nje ya lami, na si kila kirikuu inaiweza. Gari mbili zinazofanana kwa sura na kwa bei zinaweza kutofautiana kabisa zikifika kwenye tope au kwenye mteremko mrefu.

Historia

Serikali ya Japani iliweka daraja la magari madogo mwaka 1949 ili kuwawezesha wananchi wa kawaida na wafanyabiashara wadogo kumiliki gari kwa kodi nafuu. Ukubwa wa injini ulioruhusiwa uliongezwa hadi sentimita za ujazo 360 mwaka 1955, 550 mwaka 1976 na 660 mwaka 1990. Tangu mwaka 1998 vipimo vya mwisho ni urefu wa mita 3.40, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2.00. Mzigo unaoruhusiwa kwa lori la daraja hili ni kilo 350.

Daihatsu Hijet ilianza kuuzwa mwaka 1960, Suzuki Carry na Subaru Sambar mwaka 1961, Mitsubishi Minicab mwaka 1966 na Honda Acty mwaka 1977. Subaru iliacha kutengeneza Sambar yake yenyewe mwaka 2012, na Honda ilisimamisha Acty mwaka 2021. Baadhi ya majina mengine ni ya gari lilelile lenye nembo tofauti: Mazda Scrum ni Suzuki Carry, na Toyota Pixis Truck ni Daihatsu Hijet. Jambo hili humsaidia mwenye gari anapotafuta vipuri.

Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Watanzania, magari hayo yana usukani upande wa kulia na hutumika Tanzania bila kubadilishwa.

Mazingira ya Ufipa na Kabwe

Kabwe ni kata ya Wilaya ya Nkasi iliyoko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ikitazamana na Moba iliyo ng'ambo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ina bandari na soko la samaki, hasa dagaa na migebuka. Gari linalotoka Sumbawanga hufuata barabara kuu ya Mpanda kupitia Chala na Namanyere hadi Lyazumbi, kisha huacha barabara hiyo na kushuka kuelekea ziwani.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga uko juu ya mita 1,700. Safari moja ya kwenda na kurudi ina maana ya kushuka na kupanda karibu kilomita nzima ya kimo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia za udongo hulainika, makorongo hukata barabara, na mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi hunasa magari.

Kimo chenyewe pia hupunguza nguvu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Kirikuu yenye nguvu farasi 50 pwani huwa na zipatazo 41 tu ikifika Sumbawanga. Kwa hiyo gari linalopanda vizuri Dar es Salaam likiwa na mzigo linaweza kushindwa mlima wa Nkasi likiwa na mzigo uleule.

Mfumo wa kuendesha magurudumu

Kirikuu nyingi huendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Gari la namna hiyo lina shida ya pekee: likiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwa dereva, na magurudumu ya nyuma huzunguka bila kushika. Linatosha kwa kazi za mjini Sumbawanga na Namanyere, na kwa vijiji vilivyo kandokando ya lami. Pia ni jepesi zaidi na lina vipuri vichache vya kuharibika.

Kwa njia za udongo linafaa gari la fowili, yaani linaloendesha magurudumu yote manne. Hata hivyo fowili si ya aina moja:

Fowili ya kuunganisha kwa mkono. Dereva huunganisha ekseli ya mbele kwa rivasi au kitufe. Ni mfumo rahisi na imara. Haupaswi kutumika kwenye lami kavu, kwa sababu gari linapokata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma huenda mwendo tofauti, na shafti na gia hubanwa hadi kuvunjika.

Fowili ya kujiunganisha yenyewe. Hupatikana katika Honda Acty. Ekseli ya mbele hupata nguvu pale magurudumu ya nyuma yanapoanza kuteleza. Inamfaa dereva asiye mzoefu, lakini kwenye tope zito huchelewa kidogo kushika.

Fowili yenye gia nzito. Pamoja na gia za kawaida kuna hatua ya pili, ambayo huandikwa 4L. Humwezesha dereva kwenda polepole sana huku injini ikizunguka kwa nguvu. Faida yake kubwa huonekana gari linaposhuka kuliko linapopanda, kama inavyoelezwa hapa chini.

Baadhi ya matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Japani yana pia loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja hata kama moja liko hewani. Suzuki huuza toleo la Carry liitwalo Nōhan, neno linalomaanisha msimu wa kazi nyingi za shamba. Honda Acty ina toleo liitwalo Attack, lenye loki ya difu na gia za ziada za mwendo mdogo sana mbele na nyuma.

Mzigo na breki

Kilo 350 ni sawa na magunia matatu na nusu ya mahindi yenye kilo 100 kila moja. Kwa kawaida kirikuu huonekana zimebeba zaidi ya hapo, na mafundi huongeza majani ya springi ili bodi isilale. Springi zilizoongezwa huinua gari, lakini haziongezi uwezo wa breki, ekseli wala chesisi. Gari huonekana limesimama sawa huku sehemu zisizoonekana zikiwa zimezidiwa.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko. Dereva anayeshuka mlima akiwa kwenye gia nyepesi hulazimika kukanyaga breki muda wote. Breki hupata moto, mafuta ya breki huchemka, na pedeli huzama bila gari kupunguza mwendo. Kinga yake ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka na kuiacha injini izuie gari, breki zikitumika kwa vipindi vifupi. Hapo ndipo 4L huokoa maisha, kwani injini ndogo ya sentimita za ujazo 660 haina uwezo wa kutosha wa kuzuia gari zito kwa gia za kawaida.

Kwa kuwa gari ni jembamba na refu kwa kimo, mzigo uliopangwa juu hulifanya lipinduke kwa urahisi kwenye kona na kwenye njia iliyoinama. Vitu vizito hupaswa kukaa chini na karibu na chumba cha dereva. Watu hawapaswi kupanda juu ya mzigo, kwani bodi haina viti wala mikanda.

Tofauti kati ya aina

Suzuki Carry ndiyo aina iliyozoeleka zaidi kwa mafundi wa Tanzania. Matoleo ya miaka ya 1990 yana injini ya F6A yenye mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kwa wakati. Yaliyofuata yana K6A, ambayo hutumia mnyororo. Toleo la DA63T lilianza mwaka 2002 na DA16T mwaka 2013. DA16T ina umbali mfupi kati ya ekseli, hivyo hukata kona katika nafasi ndogo.

Daihatsu Hijet inakaribiana na Carry kwa muundo, kwani injini zote mbili ziko chini ya viti. Honda Acty ina injini chini ya bodi, mbele ya ekseli ya nyuma, na Subaru Sambar ya zamani ina injini nyuma kabisa. Magari haya mawili hushika vizuri yakiwa tupu, lakini ili kuifikia injini fundi anahitaji kulizoea gari, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana mbali na miji mikubwa.

Kwa mtu anayefanya kazi Kabwe, swali la vipuri lina uzito kuliko swali la nembo. Gari bora ambalo kipuri chake kinaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, litasimama wakati samaki wanaharibika.

Ukaguzi wa gari lililotumika

Karibu kirikuu zote zinazoingia nchini zimeshatumika Japani. Mambo ya kukaguliwa ni haya:

Kutu. Magari ya Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita barabara zilizomwagwa chumvi. Chesisi hukaguliwa kutoka chini, hasa mahali springi zinaposhikizwa. Kutu huendelea Tanzania kwa magari yanayobeba samaki, kwa hiyo bodi inapaswa kuoshwa kwa maji safi kila baada ya safari.

Fowili. Huunganishwa na kujaribiwa kwenye udongo, si kwenye lami. Mipira ya grisi ya ekseli za mbele ikiwa imepasuka, vumbi huingia na kumaliza viungo.

Rejeta na feni. Kupanda mlima kwa mwendo mdogo hupasha injini moto haraka.

Tairi. Saizi ya kawaida ni 145 R12 ya kubebea mzigo. Tairi kubwa huongeza nafasi chini ya gari, ambayo kwa kawaida ni kama sentimita 16, lakini hufanya gia zote kuwa nyepesi na kupunguza nguvu ya kupanda.

Namba ya chesisi. Huonyesha toleo halisi, na ndiyo inayotumika kuagiza vipuri.

Usajili

Gari hulipiwa ushuru na kusajiliwa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Magari ya umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, hivyo bei ndogo ya Japani si lazima iwe bei ndogo Sumbawanga. Kirikuu inayobeba mizigo ya watu kwa malipo huwa na namba nyeupe za biashara badala ya njano, na huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Tazama pia

Bajaji
Mkoa wa Rukwa
Wilaya ya Nkasi
Ziwa Tanganyika