Kikanda: Chakula cha Nyanda za Juu na Safari Yake



Kwa toleo hili la kumbukumbu, Kamati imetuomba tuandike historia ya kitu tulichokikuta huku Zambia na ambacho kwetu Katanga kipo pia. Tumechagua kikanda, ambacho wenyeji wetu Wabemba hukiita chikanda.

Mgeni akikiona sokoni kimekatwa vipande hudhani ni nyama. Si nyama. Ni viazi vidogo vya pori vya maua ya okidi, jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota kwenye nyanda za juu na kandokando ya dambo. Viazi huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Karanga nazo hutwangwa. Maji yakichemka na chumvi na pilipili, hutiwa unga wa karanga, kisha unga wa kikanda na soda kidogo; zamani wazee walitumia maji ya majivu. Husongwa mpaka mkono uchoke, maana ute wa viazi ndio unaokishikanisha. Makaa huwekwa juu ya kifuniko, na kikipoa hukatwa kwa kisu.

Zamani kilikuwa chakula cha vijiji vya kaskazini mwa Zambia. Watu walipohamia Copperbelt na Lusaka walikwenda nacho, na kufikia miaka ya 1990 kilikuwa biashara kubwa. Dambo za hapa zikaanza kuishiwa. Wafanyabiashara wakavuka mpaka hadi Makete na Njombe, Tanzania. Mwaka 2003 watafiti Davenport na Ndangalasi walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilitoka nyanda hizo kuja Zambia kila mwaka. Mwaka 2005 Tanzania ikaifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya maua yake. Biashara haikufa. Iligeukia Malawi, Angola, na kwetu Kundelungu.

Kwa nini viishe upesi hivyo? Kila mmea una viazi viwili: cha zamani kilichonyauka, na kipya kilichonona. Mchimbaji hutaka kile kipya, na hicho ndicho mmea wa mwaka ujao. Mbegu zake ni laini kama vumbi, tena haziwezi kuota bila kuvu fulani wa udongoni. Kwa hiyo si kitu cha kupanda kama muhogo.

Ndugu zetu wa mashirika, mkisikia watu wa kambi wanachimba viazi vya pori, msiandike njaa mara moja. Wengine ni njaa kweli, posho ikichelewa. Wengine wanatafuta pesa ya sabuni na madaftari. Lakini dambo ni za wenyeji waliotupokea, na maneno makali yamekwisha kusikika huko.

Sisi walimu lina jambo moja linalotusumbua. Watoto waliozaliwa hapa tangu tulipovuka mwaka 2017 wanakijua kikanda cha kwenye sahani tu. Ua lake hawajaliona, na tukirudi nyumbani hatujui watalikuta wapi. Wazee waliotoka Kundelungu na Marungu, wanaojua majina ya maua hayo na mahali yalipoota, tunawaomba wafike shuleni Alhamisi baada ya masomo. Darasa la sita litaandika. Karanga zitakuwepo.