Nani mwandishi wa makala ya Wikipedia?

Makala za Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa kwenye intaneti Januari 2001 na Wamarekani Jimmy Wales na Larry Sanger, hazina jina la mwandishi, juu wala chini.

Kutokuwepo kwa jina, hata hivyo, hakumaanishi kuwa kazi hiyo haina mwenyewe.

Kumbukumbu ya kila badiliko

Kila ukurasa una sehemu iitwayo historia. Humo huhifadhiwa siku na saa ya kila badiliko, akaunti iliyotumika, na maneno yaliyoongezwa au kuondolewa. Wachangiaji wengi hutumia majina ya kubuni, hivyo sifa huiendea akaunti hata pale mwenyewe asipofahamika.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kupima mchango wa kila mmoja si rahisi. Aliyesahihisha nukta mara 50 huonekana mara nyingi zaidi katika historia kuliko aliyeandika makala nzima kwa mara moja.

Masharti ya leseni

Tangu mwaka 2009 maandishi ya Wikipedia, yakiwemo ya Kiswahili yaliyoanza mwaka 2003, hutolewa kwa leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo humruhusu yeyote kunakili, kutafsiri na hata kuuza maandishi hayo.

Sharti lake ni kwamba waandishi watajwe, mabadiliko yabainishwe, na kazi mpya itolewe kwa leseni kama hiyo. Anayenakili halazimiki kuorodhesha mamia ya majina. Kiungo cha kumfikisha msomaji kwenye ukurasa wenye historia chatosha.

Mfasiri naye anabanwa na sharti hilo. Anayegeuza makala ya Kiingereza kuwa ya Kiswahili hana budi kueleza ilikotoka.

Kitabu kilichozua mjadala

Mwaka 2009 Chris Anderson, wakati huo mhariri mkuu wa jarida la Wired la Marekani, alilaumiwa baada ya kubainika kuwa kitabu chake, Free, kilikuwa na vifungu vya Wikipedia visivyotajwa chanzo.

Anderson alikiri kosa. Alieleza kuwa tanbihi ziliondolewa baada ya yeye na mchapishaji wake kutoafikiana juu ya namna ya kutaja kurasa za intaneti, ambazo hubadilika kila mara.

Tatizo hilo lina ufumbuzi: kila toleo la ukurasa wa Wikipedia lina anwani yake ya kudumu. Anayenukuu aweza kutaja toleo lile lile alilolisoma, pamoja na tarehe yake.

Wachangiaji wa Wikipedia hawalipwi na kamusi hiyo. Kutajwa ndiyo malipo pekee ambayo leseni inamdai msomaji. Chanzo kinapofichwa, mwandishi hunyimwa haki yake, na msomaji naye hupoteza njia ya kuhakiki alichoambiwa.