Nyama mbichi kwa mbwa aina ya Ridgeback

RHODESIAN Ridgeback, mbwa wa kuwindia simba ambaye sifa za uzao wake ziliratibiwa mjini Bulawayo mnamo 1922, hufikisha kilo 36 na ushei na ana mbio za kutisha. Baadhi ya wafugaji humlisha nyama mbichi, mtindo uliovumishwa na daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, katika kitabu chake cha 1993.

Mbwa mzima hukadiriwa asilimia 2 hadi 3 ya uzani wake kwa siku, yaani kati ya gramu 700 na 1,100.

Hata hivyo, mnofu mtupu si lishe kamili: una fosforasi tele na kalsiamu haba. Upungufu huo hudhoofisha mifupa ya kilebu. Lakini kumrundikia mifupa si dawa, kwani kalsiamu ikizidi, mwili wake mchanga hushindwa kuikataa, na miguu hupinda. Afadhali kilebu apewe chakula kilichopimwa.

Kwa wenye nyumba, hatari imo katika maini na mapafu ya kondoo na mbuzi. Vifuko vya maji vilivyomo humtia mbwa tegu. Mayai ya tegu huyo yakimezwa na binadamu, vifuko kama hivyo huota katika ini lake, maradhi ambayo yamewatesa sana Waturkana. Viungo hivyo sharti vichemshwe hadi viive kabisa. Kuhusu bakteria wa salmonela, kugandisha nyama kwenye friji hakuwaui.