Kuchuuza Nyumba na Nyongeza ya Kadi

Kuta nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa kwa rangi, tena kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Baadhi ya wenye nyumba huongeza mstari wa pili, OGOPA MATAPELI. Mji ambao mtu analazimika kuutangazia umma kwamba hauzi chake haujapungukiwa na madalali. Ulichopungukiwa ni istilahi ya biashara moja mahsusi: kununua nyumba iliyochakaa, kuitengeneza harakaharaka, kisha kuiuza ndani ya miezi michache kwa bei ya juu. Wamarekani huiita "flipping", kwa kitenzi kilekile wanachotumia chapati inapogeuzwa kikaangoni. Upande mmoja ukishika rangi, geuza, epua, tia nyingine.

Siku hizi biashara hiyo imeota mkia. Saruji, marumaru, rangi na mabomba hulipiwa kwa kadi ya mkopo, ili kila dola inayotoka irudi na senti mbili tatu, au na pointi za kukatia tiketi ya ndege. Mtafsiri anayekabidhiwa sentensi moja inayoeleza hayo yote ana mambo mawili ya kuyapatia majina ya Kiswahili, na yote mawili yana mitego.

Tuanze na nyumba. Kamusi itampa "kupindua". Lakini kwetu kinachopinduliwa ni serikali au lori la mkaa, na mtu anayesifiwa kwamba amepindua nyumba tano mwaka huu atadhaniwa ni dereva wa tingatinga. "Kugeuza" ni pana mno. Nyumba hugeuzwa gesti, hugeuzwa ghala, hugeuzwa kanisa. Lipo "ulanguzi", na kwa maana yake ya zamani lingefaa kabisa, kwani kulangua ni kununua kwa nia ya kuuza ghali. Tatizo ni mwaka 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, walanguzi ndio waliokuwa shabaha, na kuna watu waliotupa sukari na khanga usiku ili wasikutwe nazo. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawawezi kulisikia neno hilo kama jina la kazi halali. Soko huria limekuja, neno limebaki na doa.

Mimi nachagua "uchuuzi". Mchuuzi hununua akijua kwamba hatakaa na mali. Wachuuzi wa samaki pale Feri, hatua chache kutoka bandarini, hununua mnadani alfajiri, huparua magamba, hukata vipande, na kabla jua halijawa kali samaki wameshaondoka. Faida yao inatokana na kazi ndogo iliyoongezwa na muda mfupi wa kushika mali, na sifa hizo mbili ndizo kiini cha biashara tunayoitafutia jina. Wapo watakaosema kwamba mchuuzi ni mtu wa beseni na ungo, na nyumba ni kitu kikubwa. Ukubwa wa bidhaa haubadilishi tendo. Kuchuuza nyumba, basi, na anayefanya hivyo ni mchuuzi wa nyumba.

Jina likishapatikana, linafunua kwa nini kitu chenyewe ni adimu katikati ya jiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Kuuza kunapita kwa mthamini, kwa ofisi ya ardhi na kwa Mamlaka ya Mapato: ushuru wa stempu asilimia 1, na kwa mkazi, kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kariakoo kuna kikwazo kingine, na hiki hakimo kwenye sheria. Viwanja vingi vilikuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mwenye nyumba alifariki zamani. Ili kuuza, warithi wote lazima wakubaliane, na mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat, wa tatu hazungumzi na wa kwanza. Ndiyo maana familia nyingi hazikuuza kabisa. Zilimwachia mwekezaji kiwanja, akapandisha ghorofa, wakagawana: yeye fremu za maduka na baadhi ya sakafu, wao vyumba vya juu. Hiyo ni biashara ya miaka, wala si ya miezi.

Kwa hiyo pesa yenye haraka Kariakoo huenda kwenye fremu, na huko haina haja ya mtafsiri, maana neno lipo tayari: kilemba. Asili yake ni zawadi ya heshima, aliyopewa baba wa bibi arusi au fundi aliyemaliza kumfundisha mwanafunzi wake. Mtaa wa Kongo au Aggrey, kilemba ni fedha anayolipwa mpangaji anayetoka na mpangaji anayeingia, mbali na kodi ya mwenye jengo. Mjanja huchukua fremu iliyochoka, huweka marumaru sakafuni, jipsamu darini, kioo mbele na taa zinazong'arisha nguo kuliko zilivyo, huiendesha kidogo ili wateja wazoee mlango, kisha humwambia dalali kwamba fremu ipo na ina kilemba. Anachouza ni nafasi, mwanga na mazoea ya watu. Hati haimhusu. Mwenye jengo akikataa kumtambua mgeni, au akipandisha kodi wiki inayofuata, kilemba hakidaiwi mahakamani kwa urahisi, kwa sababu aghalabu hakikuandikwa popote.

Pembezoni mwa jiji, Chanika au Mbagala, kinachochuuzwa ni pagale, yaani nyumba isiyomalizika. Dalali atakwambia "ipo kwenye lenta" au "imeshaezekwa, bado finishingi", na mnunuzi mwenye fundi wake huimalizia na kuiuza. Hapo ndipo neno letu la uchuuzi wa nyumba litapata kazi nyingi zaidi.

Kuhusu "ukarabati", jina la matengenezo hayo ya kabla ya kuuza, nina angalizo moja tu. Neno hili limekuwa shuka la kufunikia kila kitu, kuanzia kupaka rangi hadi kuchimba chini ya nguzo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba sehemu ya chini ilikuwa ikichimbwa kupanua nafasi ya maduka. Kupaka rangi ni ukarabati. Kugusa msingi ni ujenzi, na unahitaji mhandisi na kibali.

Sasa kadi. Utaratibu wa huko Marekani ni huu: ukilipa kwa kadi, muuzaji hapati bei yote. Asilimia mbili au tatu hivi hukatwa na kugawanywa kati ya benki na mitandao ya kadi, na benki iliyokupa kadi hukurudishia sehemu ya makato hayo kama chambo. Muuzaji naye si mjinga, ameshayaweka makato ndani ya bei. Istilahi nzuri ya fedha hiyo, kwa maoni yangu, ni ile inayomwonyesha msomaji imetoka mfuko wa nani.

Neno la kwanza linalojileta ni "marejesho", kwa kuwa pesa inarejea. Jaribu kulitamka mbele ya kina mama wa vikoba uone nyuso zao. Kwao rejesho ni kile unachopeleka kila wiki kwa mkopeshaji, na kwa aliyenaswa na mikopo ya kausha damu, siku ya marejesho ni siku ya kuficha runinga kwa jirani. Huwezi kuita faida ya mkopaji kwa jina la deni lake.

"Tuzo" limeshatumika na makampuni ya simu kwa pointi za wateja. Lakini tuzo hupewa aliyeshinda, na hapa hakuna aliyeshinda chochote, amenunua tu saruji. Isitoshe, Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, ikapigiwa kelele hadi ikapunguzwa, na tangu hapo ukimwahidi Mtanzania tuzo ya muamala, sikio lake litabadilisha irabu lenyewe. Wakenya walipata bahati na Bonga, pointi za wateja wa Safaricom: neno la mitaani la kupiga soga, halidai kuwa zawadi wala marejesho.

Kabla ya kuchagua, tusimame kidogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande wa Gerezani. Mama amekuja na fundi wake kununua marumaru za sebule. Mlangoni wamepokelewa na winga, kijana asiye na duka, anayeishi kwa kuwaleta wateja kwa wenye maduka. Bei inatajwa, mama anapunguziwa, anaridhika. Hajui kwamba katika kila boksi mna cha juu: kidogo cha winga, kidogo cha fundi, ambaye ataipokea sehemu yake jioni, au kesho atakaporudi "kubadilisha boksi lililovunjika". Mama anatoa simu kulipa. "Tuma na ya kutolea, mama," anasema muuzaji, yaani aongeze na gharama ya kuitoa hiyo pesa kwa wakala. Mama anaongeza.

Tazama jinsi mambo yalivyokaa. Kule, anayelipa hulipwa kidogo kwa kulipa. Hapa, anayelipa huongeza kidogo ili alipe, na nyongeza ya matumizi yake huenda kwa aliyemsindikiza dukani. Mfumo wa pointi kwenye gharama za ukarabati tunao Kariakoo siku nyingi, isipokuwa pointi zinaingia kwenye akaunti ya fundi. "Cha juu" ni istilahi kamili, fupi na isiyoficha kitu: inakwambia kwamba kuna bei, na kuna kilichopandishwa juu yake. Ningeipendekeza mara moja kama isingekuwa imeshachukuliwa na mtu wa kati.

Kwa anayelipa mwenyewe ninabaki na "nyongeza". Ndilo neno la sokoni: umenunua fungu la nyanya, unasema "niongeze", unatupiwa mbili. Inatoka upande wa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, inafuata wingi wa ulichonunua, na kila mtu anajua kwamba nyanya mbili zile zilishahesabiwa kwenye bei ya fungu. Nyongeza ya kadi, basi. Ikilipwa kwa fedha, nyongeza taslimu. Ikiwa ni alama, nyongeza ya pointi.

Jina hilo pia linaweka mambo kwenye ukubwa wake. Mchuuzi wa Marekani akitia dola 40,000 kwenye nyumba na nyongeza ikiwa asilimia 2, anapata dola 800. Akibeba deni hilo lote kwenye kadi kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 21 kwa mwaka, ambayo imekuwa ya kawaida huko miaka ya karibuni, anadaiwa riba ya dola 4,200 hivi. Nyongeza inamfaa mwenye uwezo wa kulipa deni lote kila mwezi, yaani yule ambaye hakuhitaji mkopo. Na nyumba ikigoma kuuzika? Kampuni ya Zillow ya huko Marekani, yenye takwimu nyingi za nyumba, ilitangaza Novemba 2021 kwamba inaacha kununua na kuuza nyumba baada ya hasara kubwa.

Kwetu nyongeza ya kulipa bila noti imekuja kwa mlango mwingine, ule wa Hazina. Sheria ya Fedha ya 2025 ilishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) Tanzania Bara kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa benki au kwa mfumo wa kielektroniki. Kwenye marumaru na rangi za nyumba nzima hizo asilimia mbili si haba, na hazidai kadi ya mkopo wala riba. Zinadai duka lililosajiliwa na risiti ya mashine ya EFD. Risiti hizo zina kazi nyingine siku ya kuuza: kodi ya asilimia 10 inatozwa kwenye faida, na gharama za ukarabati hupunguza faida iwapo zina ushahidi. Mchuuzi wa nyumba anayemtuma fundi peke yake Gerezani na noti mkononi hukosa vyote viwili. Cha juu cha fundi, kwa upande wake, hakina mstari wake kwenye risiti yoyote; kimo ndani ya bei ya boksi.