Uchunguzi wa tishu za uvimbe wa tezi za mate

Uchunguzi wa tishu za uvimbe wa tezi za mate ni njia ya kutambua aina ya uvimbe kwa kutazama seli na tishu zake kwa hadubini. Kupapasa na picha za ultrasaundi au CT huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini jina la ugonjwa hutolewa na mpatholojia.

Binadamu ana jozi 3 za tezi kubwa za mate: parotidi zilizo mbele ya masikio, tezi za chini ya taya na tezi za chini ya ulimi. Kuna pia mamia ya tezi ndogo midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Uvimbe mwingi hutokea kwenye parotidi, na sehemu kubwa ya huo si saratani. Kwa kawaida, kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo uwezekano wa saratani unavyoongezeka. Kwa hiyo kijivimbe cha kaakaa kisidharauliwe hata kama hakiumi.

Shavu huvimba kwa sababu nyingi. Matubwitubwi huja haraka, mara nyingi pamoja na homa, na huisha yenyewe. Kijiwe kikiziba mfereji wa mate, uvimbe huongezeka wakati wa kula. Watu wenye VVU huweza kupata vifuko vya majimaji katika parotidi zote mbili. Uvimbe wa upande mmoja unaokua polepole kwa miezi au miaka ndio unaotiliwa shaka zaidi, na uso ukianza kupooza upande huo hali ni ya hatari.

Kuchukua sampuli

Kwa kawaida huanzwa na sindano nyembamba inayofyonza seli chache ili zipakwe kwenye slaidi. Tangu mwaka 2018 kuna mfumo wa kimataifa uitwao Milan, unaopanga majibu ya sindano katika makundi 6. Hata hivyo sindano haionyeshi mpaka kati ya uvimbe na tishu za jirani, na mara nyingine ni mpaka huo tu unaotenganisha adenoma na saratani.

Kukata kipande cha parotidi huepukwa, kwa kuwa neva ya uso hupita ndani ya tezi hiyo, na seli zikimwagika uvimbe unaweza kuota upya. Badala yake daktari huondoa uvimbe mzima pamoja na sehemu ya tezi. Kwenye kaakaa, kukata kinyama kidogo hakuna shida hiyo.

Mgonjwa wa Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro, huweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kati ya hospitali kubwa nchini zenye maabara za patholojia ni Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza). Mpaka Muhimbili ni takriban kilomita 190, na kwa joto la nyanda hizo kinyama huharibika njiani kisipowekwa mara moja katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa mara 10 hivi ya kinyama chenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya kawaida huoza, na mgonjwa hulazimika kukatwa tena. Fomu nayo itaje umri, tezi yenyewe na muda wa uvimbe.

Chini ya hadubini

Kinyama hugandishwa katika nta ya parafini, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, kisha hutiwa rangi: hematoksilini hufanya viini vya seli kuwa vya buluu, eosini huipa sehemu nyingine uwaridi.

Uvimbe wa kawaida kuliko yote ni adenoma mchanganyiko, yenye seli za tezi na tishu zinazofanana na gegedu. Si saratani, ila ikiachwa miaka mingi inaweza kugeuka kuwa saratani. Kati ya saratani, ya kawaida zaidi ni ya mukoepidamoidi, yenye seli za ute na seli zinazofanana na za ngozi. Saratani ya adenoidi sistiki mara nyingi huonekana yenye matundu kama chekeche. Hutambaa kufuata neva, na huweza kujitokeza mapafuni miaka mingi baada ya upasuaji.

Ripoti hutaja pia kama kingo za kinyama zina seli za saratani. Zikiwa nazo, mgonjwa huenda akahitaji upasuaji mwingine au mionzi, tiba inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.