Stesheni ya Nairobi na Sisi Watu wa Meru na Embu



Baada ya kuwaeleza habari za fedha, za mazishi na za karo za watoto, tumeona yafaa kuongeza historia fupi ya mahali walipopitia wengi wa watu wetu: stesheni ya gari la moshi ya Nairobi, na steji ya mabasi iliyo mbele yake.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali hapo palikuwa nyika yenye maji baridi, na hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe katika Kimasai. Wajenzi walipachagua kwa sababu palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa, tena pana nafasi ya karakana na maghala. Mji ulikuja nyuma kuifuata stesheni.

Majengo ya kwanza yalikuwa ya mbao na mabati. Baadaye likasimama jengo la mawe, refu, limelala sambamba na reli. Karibu nalo yalijengwa Makao Makuu ya Reli, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ramani ya Herbert Baker. Ukizitazama nguzo zake kubwa za mawe, waona dhahiri kwamba kila apitaye alitakiwa kuuheshimu utawala. Cheo kilionekana hata ndani ya mabehewa: Waafrika wengi walisafiri daraja la tatu.

Tawi la kaskazini lilifika Thika mwaka wa 1913, na kufikia mwaka wa 1931 lilikuwa Nanyuki. Lilipita magharibi ya Mlima Kenya, upande wa mashamba ya walowezi, likatuacha sisi mashariki. Lakini katika miaka ya 1930 Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambazo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa. Aliyetaka reli ilimpasa aifuate kwa barabara, Sagana au Nanyuki. Asiyekuwapo na lake halipo. Nasi hatukuwapo ramani ilipochorwa.

Tarehe 24 Aprili 1954 Serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Waliotafutwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 waliwekwa kizuizini, na wengi wakapelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road, ambazo zote zilikuwa kando ya reli ya Mombasa. Hivyo reli ambayo haikufika kwetu kuchukua mazao, iliwachukua watu wetu kwenda kifungoni.

Mabasi ya mjini yalianza mwaka wa 1934, na mahali pa kuyapandia mbele ya stesheni pakaitwa Railways. Lakini kilichotuunganisha na nyumbani ni mabasi ya safari ndefu na, hasa baada ya amri ya mwaka wa 1973 iliyoyapa ruhusa, matatu. Kwa miaka mingi msafiri wa Embu au Meru alikwenda Tea Room, katika Accra Road. Pale hapakuwa na nguzo za mawe wala saa ya ukutani. Hata hivyo ndipo zilipopita barua, fedha za karo, wagonjwa, na majeneza ya wenzetu waliorudishwa kuzikwa kwao.

Mwaka wa 2020 gari la moshi la abiria lilirudi Nanyuki, na mwaka wa 2022 Serikali ilizindua mpango wa kujenga upya eneo lote linaloizunguka stesheni ya zamani. Majengo yaweza kubadilika upesi. Kwa hiyo twawaomba wazee waliochukuliwa mwaka wa 1954, au watoto wao, wamweleze katibu majina, siku na mahali, yaandikwe katika daftari ya chama. Mawe yatatunzwa na Serikali ikipenda. Habari za watu wetu hapana budi tuzitunze wenyewe.