Msaada wa GNOME: kutoka kitabu hadi ukurasa

GNOME ni mazingira ya eneokazi yanayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux: ndiyo madirisha, menyu, aikoni na mipangilio ambayo mtumiaji huyakuta kompyuta ikishawaka. Mradi wake ulitangazwa Agosti 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico, na toleo la 1.0 likatoka Machi 1999. Maelezo ya msaada yanayoandamana na programu hii yana historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni mbio za kuifukuzia programu isiyotulia.

Desturi ya kuandika mwongozo ilikuwapo zamani. Mfumo wa Unix ulipata wa kwanza Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell. Hayo yalikuwa maandishi ya mafundi kwa mafundi wenzao: amri ikishatajwa pamoja na vigezo vyake, basi. Eneokazi lilileta msomaji wa aina nyingine kabisa, karani au mwanafunzi ambaye hana haja ya kujua programu imeundwaje. Anachotaka ni barua yake itoke kwenye printa.

Mwongozo wa mwanzo wa GNOME, ulioandikwa mwaka 1999 na David Mason wa kampuni ya Red Hat pamoja na David Wheeler, ulikuwa kitabu chenye sura zinazofuatana. Toleo la 2.0 lilipotoka Juni 2002, mtumiaji alipewa Yelp, programu ya kusomea msaada humohumo kwenye kompyuta, na sehemu kubwa ya uandishi ilibebwa na waandishi wa kampuni ya Sun Microsystems. Sun ilikuwa na sababu zake: ilitaka kuiweka GNOME kwenye mfumo wake wa Solaris. Waandishi hao walikuwa wajuzi wa kazi hiyo, na mwongozo wao ulikuwa na lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo programu huria haikuwa imelizoea.

Tatizo lilikuwa umbo la kitabu chenyewe. GNOME ilianza kutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, kwa kawaida Machi na Septemba. Sura moja ilieleza mambo kumi. Matatu yakibadilika, sura nzima haiaminiki tena, na anayetaka kuisahihisha inambidi afuatilie kila mahali palipoitaja. Kwa mtu wa kujitolea mwenye saa moja jioni, hiyo si kazi ya kuianza.

Jibu lilikuja mwishoni mwa zama za GNOME 2 kutoka kwa Shaun McCance, mtunzaji wa Yelp, aliyebuni muundo wa maandishi unaoitwa Mallard. Kanuni yake ni kwamba ukurasa mmoja hujibu swali moja. Tena ukurasa wenyewe ndio unaotangaza uko chini ya mada ipi, badala ya kuorodheshwa mahali pengine. Ukiongezwa, unajipanga kwenye orodha. Ukifutwa, unatoka bila kuacha pengo. Ndani ya kila ukurasa huwekwa pia namba ya toleo, tarehe ya kupitiwa mara ya mwisho na hadhi yake, kwa mfano rasimu, umepitwa na wakati, unasubiri mhakiki, au umekamilika. Yelp ikifunguliwa katika hali ya uhariri, hadhi hiyo hutokea juu ya ukurasa. Pengine huo ndio uamuzi bora kuliko wote katika historia hii, kwa sababu uliruhusu kurasa zizeeke mojamoja.

Muundo huo ulifika kwa wakati wake. GNOME 3, iliyotoka Aprili 2011, iliugeuza muonekano wote, na mwongozo wa zamani ukawekwa kando ili msaada uandikwe upya kwa Mallard. Maelezo ya kuunganisha Wi-Fi yanaonyesha kilichofuata. Mwanzoni mtumiaji alielekezwa abofye aikoni ya mtandao kwenye upau wa juu. Septemba 2013, toleo la 3.10 likaunganisha mtandao, sauti na betri katika menyu moja, na maelekezo yakabidi yabadilike. Septemba 2022, toleo la 43 likaleta vitufe vya mipangilio ya haraka, yakabadilika tena. Maelekezo mengine mengi yalianza kwa kumwambia msomaji afungue Activities, neno lililokuwa kwenye kona ya juu kushoto. Septemba 2023, katika toleo la 45, neno hilo likaondolewa kwenye skrini na mahali pake pakawekwa vidoti. Msomaji aliyeambiwa alitafute asingeliona, hata kama kona ilikuwa ileile na ilifanya kazi ileile.

Kila badiliko la namna hiyo huwafikia wafasiri pia. Maandishi ya Kiingereza hugawanywa aya kwa aya katika faili za tafsiri. Aya ikiguswa, hata kama ni mkato tu umehamishwa, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka, na mpaka mfasiri aithibitishe, msomaji wa Kifaransa au Kihispania huona Kiingereza katikati ya ukurasa wake. Ndiyo maana mwandishi mwangalifu hagusi maandishi bila sababu. Picha za skrini ni mzigo mkubwa zaidi, kwani zinatakiwa kupigwa upya kwa kila toleo, na ikiwezekana kwa kila lugha.

Wasemaji wa Kiswahili waliionja kazi ya kutafsiri programu huria mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kutafsiri menyu na vitufe ni jambo moja. Maandishi ya msaada ni marefu zaidi na hayamaliziki. Lugha isiyo na wafasiri wa kudumu inaweza kupata menyu zake zote na bado ikabaki bila msaada.